Kitabu cha Chenji: shajara ya mradi, Moshi

Januari

Tumeanza. Vijana 7 wenye ulemavu wa akili, wa umri wa miaka 16 hadi 24, wanatengeneza zana ya kujifunzia itakayotumiwa na vijana wenzao. Wawili kati yao wana usonji (otizimu), mmoja ana mtindio wa ubongo. Karibu wote walipitia vitengo vya elimu maalumu katika shule za msingi za hapa mjini, wakakaa huko mpaka wakaonekana wakubwa mno kwa dawati, kisha wakarudi nyumbani. Nyumbani kazi zipo: kuchota maji, kukatia ng'ombe majani, kulinda nyumba wengine wakitoka. Kitu cha kusoma ndicho hakipo. Vitabu walivyowahi kushika ni vya darasa la kwanza, vyenye picha za watoto wadogo, na mtu wa miaka 22 hapendi kufundishwa maisha kwa picha ya mtoto wa chekechea. Ana haki kabisa ya kutopenda.

Wasaidizi tuko wawili: mimi, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, kule Tengeru. Tunakutana Jumamosi katika chumba tulichoazimwa na usharika, jirani na soko la Memorial. Majina ya vijana sitayaandika humu. Tulipowauliza, wanne walitaka yaandikwe na watatu hawakutaka, wakakubaliana wenyewe kwamba basi yasiandikwe ya mtu yeyote. Nitawataja kwa kazi walizochagua: mpiga picha, mchoraji, mweka hazina, msomaji, na wengine kadiri watakavyojitokeza.

Mwisho wa Januari

Mada imepatikana, na siyo ile iliyokuwa kwenye andiko la mradi. Andiko lilisema usafi wa mwili. Ndiyo mada ambayo watu wazima huwachagulia vijana hawa kila mara, kana kwamba shida yao kubwa duniani ni sabuni.

Swali tulilowauliza lilikuwa moja: ni kitu gani kinakushinda ukiwa peke yako? Hatukuwaketisha kwenye viti kulijibu. Tulitembea nao kuelekea sokoni, na kila mmoja alisimama pale panapomsumbua. Mmoja alisimama kando ya barabara. Wengine wote walisimama kwenye maduka na kwenye meza za nyanya.

"Mama hanitumi tena," alisema binti ambaye sasa ndiye mpiga picha wetu. "Nikienda dukani kwa Mangi narudi na hela pungufu. Wanasema nimekula."

Mwenzake akadakia: "Na mimi." Halafu mwingine naye. Mada ikawa chenji.

Kusema kweli hili ndilo jambo la kwanza ambalo ningependa walimu wenzangu walichukue. Kumwalika kijana aje akague kitabu ambacho sisi tumeshakipanga ni hatua, lakini ni hatua ndogo. Anayechagua kitabu kihusu nini ndiye mwenye kitabu.

Februari

Tumesoma mwongozo wa Ulaya wa maandishi rahisi kusoma, uliotolewa mwaka 2009 na Inclusion Europe, muungano wa vyama vya watu wenye ulemavu wa akili na familia zao. Ni mwongozo mzuri. Herufi ziwe kubwa, saizi 14 au zaidi. Kila sentensi mpya ianze mstari wake. Maandishi yapangwe upande wa kushoto, pasiwe na asilimia wala maneno ya kitaalamu, na picha ikae karibu na sentensi yake. Kilichonigusa zaidi ni sharti lake kwamba watu wenye ulemavu wa akili washirikishwe katika kuandika, kuanzia kuchagua mada mpaka kuangalia kama kitabu kimesaidia. Ni ule ule msimamo wa vyama vya watu wenye ulemavu duniani kote: hakuna chochote kuhusu sisi bila sisi.

Lakini mwongozo huo unategemea msomaji anayeweza kusoma kidogo, na kwetu wanaosoma sentensi nzima ni wawili. Kwa hiyo tumepindua mpangilio: picha ndiyo inayosema, maandishi yanafuata kwa ajili ya mama, dada au mwalimu atakayekaa pembeni.

Kiswahili nacho kina ugumu wake. Tunabebesha kitenzi kimoja mzigo mzima. Rasimu ya mwalimu ilikuwa na sentensi "Asipokurudishia chenji, mwambie." Msomaji wetu aliirudia mara kadhaa, akaiacha katikati. Tulimwuliza yeye angesemaje. Akajibu bila kufikiri sana: "Chenji hakuna? Sema: naomba chenji yangu." Ndivyo ilivyoandikwa. Tangu siku hiyo sentensi hatuzitungi mezani. Kijana anaigiza, anasema, sisi tunaandika alichosema.

Februari, bado

Nimekaa na jambo la wanyama wiki nzima na linastahili nafasi.

Tulikuwa tunajaribu kupanga noti kutoka ndogo hadi kubwa. Namba ziliwachanganya, sifuri zikizidi, 1000 na 10000 zinafanana. Mchoraji, ambaye huongea kwa nadra, alisukuma noti mbele yake moja moja akitaja: "Nyerere. Simba. Kifaru. Tembo." Alikuwa amezipanga sawasawa. Noti ya 1000 ina Mwalimu Nyerere, ya 2000 ina simba, ya 5000 ina kifaru, ya 10000 ina tembo. Mimi nimeshika noti hizi kila siku na sikuwahi kuziona kama ngazi, kila anayefuata akimzidi mwenzake kwa ukubwa wa mwili. Na zina rangi: buluu, kahawia inayoelekea chungwa, zambarau, nyekundu. Wenzake walilishika palepale.

Mweka hazina ndiye aliyeleta pingamizi, na ni pingamizi la maana. Alitoa sarafu mfukoni. Sarafu ya 200 nayo ina simba. Sarafu ya 50 ina kifaru na mtoto wake. Mtu akifundishwa "simba ni elfu mbili" kisha akapewa simba wa shilingi mia mbili, ameibiwa huku kitabu kikimpigia makofi. Tulijadiliana mpaka chai ikapoa. Uamuzi wao: wanyama ni wa karatasi tu. Sarafu inajulikana kwa vidole, na katika kitabu inachorwa duara lenye namba, bila mnyama. Mwalimu alipendekeza tuachane na wanyama kabisa ili tusilete utata. Vijana walikataa, na nadhani walifanya vizuri kukataa, kwa sababu ule mpangilio ndio kitu cha kwanza walichokimudu bila kusaidiwa.

Suala la kuonyesha noti kitabuni lilimalizwa na mwenye stesheneri: hatoi kopi ya hela, hata kwa ajili ya shule. Yuko sahihi, sheria haichezewi. Mchoraji anachora wanyama wenyewe, kila mmoja juu ya karatasi ya rangi yake. Hela halisi itatumika wakati wa kufundisha. Tembo wake ana masikio makubwa kupita kiasi na anajulikana kutoka upande wa pili wa chumba.

Machi

Masika yameingia. Kwenda Mbuyuni ni tope mtindo mmoja, lakini picha zinahitaji soko, hatukai ndani.

Vijana walijizoeza kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mpiga picha anasimama mbele ya meza na kusema: "Shikamoo mama. Naomba nipige picha mikono yako. Ni ya kitabu." Wengi waliitikia "Marahaba mwanangu" na kukubali. Waliokataa tuliwashukuru na kusogea. Mama mmoja anayepima maharage kwa sado aliuliza kitabu ni cha nini, akaelezwa na kijana mwenyewe, akasema: "Basi piga vizuri, nimhesabie mtu chenji waone." Akampanga jirani yake awe mteja.

Kuhusu mikono: mpiga picha hapendi kutazama watu usoni. Ana usonji, macho ya watu yanamchosha. Simu anaishika chini, usawa wa kifua, na kila picha aliyoleta ilikuwa ya mikono, meza na hela. Mwanzoni mtu mmoja aliyetutembelea alishauri apewe mwingine kazi hiyo, "ili tupate nyuso zenye tabasamu." Tulipozitandika picha ukutani ikawa dhahiri kwamba hizi ndizo zinazofaa. Mkono unaotoa. Mkono unaopokea. Mkono uliobaki wazi unasubiri. Hakuna sura ya kumvuta msomaji pembeni, na hakuna haja ya kuhangaika na sura ya mtu kusambaa mahali asipopajua.

Aprili

Mvua. Wanaotoka Pasua na Njoro wamekosa zaidi ya mara moja.

Tumezungumza na wazazi kuhusu posho. Kila aliye chumbani anapata kiasi kile kile, kijana na msaidizi, na anapewa mkononi mwake. Baba mmoja alikuja kwa upole kabisa kuuliza kama ya kijana wake ingepitia kwake, "maana huyu hajui hela." Mwalimu alimjibu kwa heshima: "Mzee, ndicho tunachokiandikia kitabu." Walikubaliana kijana apokee, asaini kwa dole gumba au kwa alama yake, kisha nyumbani waamue pamoja naye. Kwangu hapa hakuna mjadala mrefu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo unataja wazi haki ya mtu kusimamia fedha zake mwenyewe na kupewa msaada anaouhitaji katika hilo. Kijana anayefanya kazi ya kuandika kitabu cha hela akalipwa kupitia kwa mtu mwingine atakuwa amejifunza somo kinyume na lile tulilokusudia.

Mei

Kila kijana ana kadi tatu: kijani "naelewa", njano "sina uhakika", nyekundu "acha". Nyekundu haihitaji maelezo. Ikiinuliwa, kazi inasimama.

Leo imeinuliwa kwenye ukurasa wa nne. Ukurasa huo ulionyesha kijana aliyepunjwa analia, watu wamemzunguka. Aliyeuinulia kadi ni binti mpole kuliko wote, hajawahi kukataa kitu tangu Januari. Tulisimama, tukanywa chai, tukaendelea na kazi nyingine. Karibu na kuondoka alisema mwenyewe: "Mimi nacheka nikidhulumiwa. Silii. Watu wanasema sina akili." Kisha akaongeza: "Msiweke mtu wa kuchekwa."

Ukurasa umetolewa. Mahali pake vijana waliweka kitu cha kufanya. Picha ya miguu miwili imesimama mbele ya kaunta, na maneno: "Usiondoke. Simama hapo hapo. Angalia hela." Chini yake: "Bado huelewi? Mwite mtu wako." Kila msomaji atabandika hapo picha ya mtu wake: shangazi, kaka, jirani, mwenye duka wanayeaminiana. Nimesoma zana nyingi za stadi za maisha, na nyingi zimejaa vitisho: utaibiwa, utadanganywa, utapotea. Binti huyu kwa kadi moja alituonyesha kwamba hofu wanayo tayari ya kutosha. Wanachokosa ni hatua inayofuata.

Mbinu nyingine mbili zimetoka kwao na zimeingia kitabuni. Mweka hazina hutenganisha: nauli ya daladala mfuko wa kushoto, hela ya kutumwa mfuko wa kulia, na hachanganyi hata mvua inyeshe. Mwingine amejifunza kwa bibi yake kufunga hela kamili kwenye pindo la khanga, fundo moja kwa kitu kimoja. Hakuna mwongozo wa Ulaya wenye hilo.

Bei hatukuziandika. Kila mtu hapa anakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyopanda. Kitabu chenye bei kingekuwa uongo kabla hakijakauka wino. Kuna kisanduku cheupe, mtu anaandika kwa penseli na kufuta.

Juni

Majaribio. Hayakufanywa na waandishi, bali na vijana wengine ambao hawajawahi kukiona kitabu, katika kitengo cha shule moja ya msingi. Waandishi wetu wawili, msomaji na mweka hazina, ndio walioyaendesha.

Jambo la kukumbuka kwa atakayefuata njia hii: usiulize "umeelewa?" Utajibiwa ndiyo. Kijana wa kwetu amelelewa kumkubalia mkubwa, na kijana mwenye ulemavu wa akili amegundua zamani kwamba "ndiyo" humaliza maswali. Badala yake mweka hazina alikuwa anafungua meza yake ya kujifanya duka, anaweka sabuni na chumvi, anasema: "Karibu. Nunua." Kisha anatoa chenji pungufu makusudi, kwa uso mkavu, na kungoja. Majibu yote tuliyoyahitaji yalikuwa pale. Baadhi walisimama wakamtazama. Baadhi walichukua na kuondoka. Mmoja alifungua kitabu ukurasa wa miguu miwili, akakiweka juu ya kaunta mbele yake, akanyamaza. Mweka hazina akalipa kilichobaki.

Yaliyobadilika baada ya majaribio: rangi ya 2000 na rangi ya 10000 zilikaribiana mno kwenye kopi, zimetenganishwa. Kurasa mbili zilizokuwa na picha mbili kila moja sasa zina moja. Neno "kaunta" limebaki, nilidhani halitaeleweka, kumbe linaeleweka kuliko "meza ya muuzaji."

Julai

Baridi ya Moshi imeshika, tumefunga madirisha, na imetusaidia: tunarekodi sauti. Kitabu kitakuwa na masomo ya kusikiliza yatakayotumwa kwa simu, kila ukurasa na sauti yake, ili asiyesoma naye asikie.

Kijana mwenye mtindio wa ubongo alitaka kurekodi ukurasa wa mwisho. Maneno yake hutoka taratibu na mengine hayashikiki kirahisi kwa asiyemzoea. Mtu mmoja alisema tumpe kazi nyingine ya heshima, kwa kuwa zana lazima ieleweke. Ni hoja halali, sikuipuuza. Tuliipeleka kwa kundi. Walisikiliza rekodi yake pamoja, wakainua kadi: tatu za kijani, tatu za njano. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa nao. Akasema, na hili nimeliandika jinsi alivyolitamka: "Wako wengine wanaongea kama mimi."

Ukurasa wa mwisho una sauti mbili. Yake inatangulia, ya msomaji inafuata na maneno yale yale. Mama yake aliomba atumiwe rekodi hiyo kabla ya zingine zote, akaisambaza kwenye kundi la jumuiya.

Agosti

Kitabu kimechapwa kwenye stesheneri karibu na stendi, kurasa za rangi, zimetiwa laminesheni na kufungwa kwa spairo ili zifunguke bapa mezani. Nakala ni chache, kwa sababu laminesheni ni ghali na karatasi tupu haistahimili jiko, mvua na mfuko wa suruali. Jalada lina mikono miwili na tembo. Chini yake wameandika "Kimetengenezwa na vijana 7 wa Moshi." Kwenye jalada sisi wasaidizi hatupo, tuko ukurasa wa ndani kwa herufi ndogo, kama walivyotaka.

Kukiingiza rasmi shuleni kuna njia yake ya ithibati, yaani kukaguliwa na kuidhinishwa, na tutaifuata. Kwa sasa kinatumika kama zana ya mwalimu katika vitengo vilivyokiomba na katika nyumba za waandishi.

Mpiga picha ametumwa dukani na mama yake. Alirudi na chumvi, na chenji kamili, na picha ya mkono wa Mangi. Mweka hazina bado anapunjwa mara moja moja kwenye daladala wakati wa msongamano. Anasema pale hakuna kaunta ya kusimama mbele yake. Ni kweli, na kitabu hiki hakina jibu la hilo.

Kwa hiyo kitabu cha pili kimeshachaguliwa: stendi. Vijana wametoa maswali yao tayari, na mwalimu ameyabandika ukutani. Gari la Marangu linakaa wapi? Nikipitishwa kituo nisemeje? Konda akisema "ingia ingia" na siyo gari langu, nafanyaje? Jumamosi ijayo tunakutana mapema, kabla stendi haijajaa, mpiga picha akiwa na simu iliyochajiwa na mchoraji na karatasi za rangi. Posho ni ile ile.